i7 au i5, HDD au SSD, GB au Mbps: kuchagua laptopu ya kwanza kwa kuyajua maneno yake

Ukiingia duka la laptopu za mtumba Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utawekewa mezani mashine mbili zinazofanana kwa rangi na umbo. Kila moja ina karatasi ndogo yenye herufi na namba. Karatasi hiyo ndiyo inayosema unanunua nini hasa, na wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huisoma kinyume: wanafuata namba kubwa. Kwenye kompyuta namba kubwa peke yake haina maana mpaka ujue inahesabu nini.

Tuchukue mashine mbili ambazo kweli zinapatikana katika maduka hayo, tuziweke ubavu kwa ubavu.

| | Laptopu A | Laptopu B |
|---|---|---|
| Modeli | HP EliteBook 840 G1 | HP EliteBook 840 G5 |
| Prosesa | Core i7-4600U, 2.1 GHz | Core i5-8350U, 1.7 GHz |
| RAM | GB 4, DDR3L | GB 8, DDR4 |
| Diski | HDD, TB 1 | SSD, GB 256 |

Kwa macho ya mgeni, A inaongoza mara tatu: i7 inaizidi i5, 2.1 inaizidi 1.7, na TB 1 ni karibu mara nne ya GB 256. Juu ya hayo, A ndiyo ya bei ya chini. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii ni i7, ina terabaiti nzima," na hatakuwa amedanganya hata neno moja. Hata hivyo kwa mtu anayetaka kuandika kazi, kusoma mtandaoni, kufanya hesabu za biashara na kuhudhuria vikao vya video, B ndiyo ya kuchukua, na kwa mbali.

i7 na i5: angalia kizazi kwanza

Prosesa ni chipu inayofanya kazi zote za hesabu ndani ya kompyuta. Herufi zake i3, i5 na i7 ni daraja ndani ya kizazi kimoja, kama mkondo A, B na C ndani ya darasa moja. Mwanafunzi wa mkondo A wa darasa la nne humlinganishi na wa mkondo B wa darasa la nane kwa herufi ya mkondo peke yake. Darasa lenyewe linasomwa kwenye namba inayofuata kistari. Katika i7-4600U namba inaanza na 4, kwa hiyo ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013. Katika i5-8350U inaanza na 8, kizazi cha nane, cha mwaka 2017.

Hapa kuna mtego mmoja. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili. i5-10210U ni kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni kizazi cha 11, ingawa ina tarakimu nne tu. Wauzaji wengine husema "jenaresheni". Ni kitu kilekile.

Tofauti ya miaka hiyo minne ni kubwa. i7-4600U ina viini viwili, i5-8350U ina vinne. Kiini ni mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa. GHz inahesabu jinsi mfanyakazi anavyorusha jembe haraka, haisemi wako wangapi shambani wala kila pigo linakata udongo kiasi gani. Tena 1.7 GHz ya B ni mwendo wake wa kawaida tu: kazi ikizidi inapanda hadi 3.6, wakati A inaishia 3.3. Kwa hiyo hata katika GHz, ambako A ilionekana kuongoza, B inaipita pale unapouhitaji mwendo huo.

Kisha kuna suala la mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel, watengenezaji wa prosesa hizi za Core, orodha ya prosesa zinazokubalika inaanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane. B imo, A haimo. Mafundi wanaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye A na itawaka vizuri tu, lakini Microsoft haikuahidi kuipa masasisho mashine ya namna hiyo. Ukiikuta laptopu ya kizazi cha nne ina Windows 11 dukani, jua imeingizwa kwa njia hiyo. Mwenye A anayetaka kubaki salama ana njia nyingine isiyo na gharama, nayo ni Linux Mint, ambayo inakwenda vizuri kwenye mashine za umri huo.

RAM na diski: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Zote mbili hupimwa kwa GB, zote mbili watu huziita "memori" au "kumbukumbu", na muuzaji wa simu akisema "memori 128" anamaanisha hifadhi, hamaanishi RAM. Ndiyo maana wageni huchanganya.

Mfikirie fundi cherehani. Ana meza ya kukatia na ana kabati la vitambaa. Meza ni RAM: kitambaa kinachoshonwa sasa hivi kiko pale, mkono unakifikia mara moja. Kabati ni diski: vitambaa vyote vinakaa humo, leo na kesho, duka likiwa wazi au limefungwa. Jioni meza inasafishwa yote, na RAM nayo hufutika kila mashine inapozimwa au kuishiwa umeme. Ndiyo sababu barua uliyoiandika bila kuihifadhi hupotea: ilikuwa bado iko mezani.

Ukubwa wa kabati haumsaidii fundi mwenye meza finyu. Atakuwa anakunja kitambaa kimoja, anakirudisha kabatini, anatoa kingine, siku nzima. Kompyuta inafanya vivyo hivyo. Windows peke yake, kabla hujafungua chochote, inaweza kuchukua GB 2 au zaidi. Fungua Chrome, kurasa kadhaa, kila moja ikila mamia ya megabaiti, ongeza WhatsApp na Word, na GB 4 za A zimekwisha. Hapo Windows inaanza kuhamishia sehemu ya RAM kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Kama diski hiyo ni HDD, mashine inaganda. Kipanya kinasogea lakini hakuna kinachofunguka, na taa ndogo ya diski haizimi. Watu husema "kompyuta ina virusi". Mara nyingi haina. Ina meza ndogo na kabati lenye mlango mzito.

Uzito wa mlango huo ndio tofauti ya HDD na SSD. HDD ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika laptopu, na mkono mwembamba unaosogea kutafuta data. Kila utafutaji mmoja unachukua kama milisekunde 10 au zaidi. SSD haina kinachozunguka. Ni chipu peke yake, na utafutaji wake unaishia chini ya milisekunde 1. Kusoma faili kubwa moja kwa mfululizo, HDD ya laptopu hutoa kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya aina ya SATA hufika 550, na ile ya NVMe kama iliyomo kwenye B inaweza kuvuka 2,000. Lakini kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo HDD inapoachwa nyuma kabisa. A yenye HDD inaweza kuchukua dakika mbili kutulia baada ya kuwashwa. B iko tayari kabla hujakaa sawa kwenye kiti.

HDD nayo ina haki yake. Kwa kuweka picha za miaka mingi na video za harusi, kila GB yake ni ya bei ndogo zaidi. Inapozeeka mara nyingi hutoa dalili: inagonga tik-tik, au faili zinakuwa nzito kunakiliwa, na mtaalamu huweza kuokoa baadhi ya data. SSD inaweza kuzima siku moja bila kuaga. Lakini HDD ina adui mmoja ambaye SSD haimwogopi sana: kuangushwa au kutikiswa ikiwa inazunguka. Laptopu inayosafiri kwenye bodaboda huku imewaka haifai kuwa na HDD.

Neno moja la kukimbia ni eMMC. Hii ni chipu ya hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa ndani wa mashine, mara nyingi GB 32 au 64, na inapatikana kwenye laptopu ndogo za bei rahisi. Muuzaji ataiita SSD. Haiwezi kubadilishwa, na yenye GB 32 hukosa hata nafasi ya kupokea sasisho kubwa la Windows.

Usishtuke ukiwasha B ukakuta Windows inaonyesha GB 238 badala ya 256. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Kwa hesabu hiyohiyo GB 500 huonekana 465, na TB 1 huonekana 931. Wizi wa kweli uko kwenye flashi zinazouzwa kama "TB 2" kwa bei ya chakula cha mchana. Zimefungwa chipu ndogo na kufundishwa kudanganya. Ukivuka ujazo wake halisi, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote na kukwambia ukweli wake.

Kama mfuko unaruhusu A tu

A si mashine ya kutupwa, ila usiitumie kama ilivyo. Inahitaji vitu viwili: SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7, ujazo wa GB 240 au 256, na kipande cha RAM cha GB 4 cha kujaza nafasi ya pili. Kwenye RAM ndipo watu hukosea. DDR3L, aina ya RAM iliyomo kwenye A, hutumia volti 1.35, DDR3 isiyo na L hutumia 1.5 na laptopu za kizazi hiki mara nyingi huikataa, skrini inabaki nyeusi. DDR4 haiingii kabisa, ina pini 260 badala ya 204 na mkato wake uko mahali pengine. Usiisukume kwa nguvu.

Chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, tenganisha betri kabla ya kugusa kitu kingine. RAM inaingia kwa mshazari wa kama nyuzi 30, kisha unaibonyeza chini mpaka vishikio vya pembeni vilie. Toa HDD, weka SSD mahali pake, funga. Pakia mfumo endeshi upya kwa flashi yenye angalau GB 8, na wakati huo HDD ya zamani iwe nje ya mashine. Wako waliofuta data yote ya familia kwa kuchagua diski isiyo sahihi kwenye orodha. Kama SSD haionekani kabisa, kwanza angalia kama imekaa vizuri kwenye kiunganishi chake. HDD uliyoitoa ivalishe kava la USB, uitumie kama stoo ya nje.

Sasa jumlisha bei ya A, SSD na RAM. Ikifika karibu na bei ya B, nunua B. Prosesa ya A huwezi kuibadilisha, imechomelewa kwenye ubao.

Kabla ya kulipa, yoyote utakayochagua, hakiki karatasi kwa mashine yenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja: kwenye ukurasa wa utendaji (Performance) utaona prosesa, RAM na kama diski ni HDD au SSD. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na ufungue ripoti inayotengenezwa. Ina namba mbili za betri: ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa ikijaa. Ya pili ikiwa chini ya asilimia 60 ya ya kwanza, omba bei ipungue kwa thamani ya betri mpya.

Wi-Fi si intaneti

Laptopu ikifika nyumbani, jozi nyingine ya maneno inaanza kukula pesa.

Wi-Fi ni njia kati ya laptopu na rauta yako sebuleni, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, basi. Intaneti ni kila kilicho nyuma ya rauta hiyo. Ndiyo maana alama ya Wi-Fi inaweza kujaa na bado ukurasa usifunguke. Kujua tatizo liko upande gani, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Anwani kamili imeandikwa chini ya rauta. Ukurasa wa rauta ukifunguka, Wi-Fi yako ni nzima, tatizo liko kwa mtoa huduma au bando limekwisha. Usipofunguka, hangaika na rauta kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja.

Rauta nyingi hutoa majina mawili, la 2.4 GHz na la 5 GHz. Chumba kimoja na rauta, chagua 5: ina kasi zaidi na haigongani sana na rauta za majirani. Kuta mbili za tofali kati yenu, chagua 2.4, inapenya vizuri zaidi. Hizi GHz hazihusiani na zile za prosesa. Wala 5 GHz si 5G ya simu.

GB na Mbps: tangi na bomba

Kifurushi cha simu huuzwa kwa GB, faiba, yaani intaneti ya waya unaoingia nyumbani, huuzwa kwa Mbps. GB ni maji yaliyomo kwenye simtanki. Mbps ni upana wa bomba. Ukinunua GB 10 hujaambiwa lolote kuhusu kasi, na ukilipia Mbps 10 za faiba isiyo na kikomo hujawekewa tangi, bomba linatoka usiku na mchana.

Herufi b ndogo nayo ina uzito. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na biti 8 ndizo baiti 1. Kwa hiyo Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde. Faili la MB 700 litachukua kama dakika 9 na nusu kupakuliwa, na GB 1 kama dakika 13. Mtu anayelalamika kuwa amelipia 10 na anaona 1.2 anapata alicholipia. Upande wa pili wa hesabu hiyo unamhusu mwenye bando: kwenye mtandao wa Mbps 10, GB 1 inaweza kuisha ndani ya dakika 13 bila wewe kutazama chochote.

Na kinachoimaliza mara nyingi ni laptopu yenyewe. Ukiiunganisha na simu, Windows inaona Wi-Fi ya kawaida na kuanza kushusha masasisho ya mamia ya MB. Dawa ni kuingia mipangilio ya mtandao, kufungua sifa za Wi-Fi hiyo ya simu, na kuwasha chaguo la muunganisho unaopimwa (metered connection). Fanya hivyo siku ya kwanza. Video nazo, zikitazamwa kwa ubora wa 480p, hula takriban nusu hadi robo tatu ya GB kwa saa; kwa 1080p hufika GB 1.5 hadi 3.

Nani achague nini? Anayetumia intaneti saa moja kwa siku, kwa barua pepe na kusoma, bando la simu linamtosha. Nyumba yenye watu wanne na vikao vya video inahitaji faiba ikiwa imefika mtaani, na kabla ya kusaini uliza Mbps za kupakia pia, kwa sababu sura yako kwenye kikao inasafiri kwa kupakia. Rauta ya laini ya 4G iko katikati. Kasi yake hupungua jioni wakati mtaa mzima uko kwenye mnara mmoja.

Wingu na diski

Maneno mengine yapite haraka. Kivinjari ni programu unayofungulia kurasa, kama Chrome au Firefox. Google ni injini ya kutafutia iliyo ndani ya ukurasa. Kupakua ni kuleta kwako, kupakia ni kupeleka. Mkenya akisema tarakilishi na puku, Mtanzania anasikia kompyuta na kipanya.

Wingu linastahili kusimama kidogo, kwa sababu wenye SSD ya GB 256 huambiwa "zilizobaki utaweka kwenye wingu". Wingu ni diski za kampuni nyingine, mbali, unazozifikia kwa intaneti. Google hutoa GB 15 bure, lakini barua za Gmail, Drive na picha zote zinagawana hizohizo. OneDrive hutoa GB 5. Ubora wake ni kwamba laptopu ikiibiwa, faili zipo. Udhaifu wake ulionekana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na majirani. Faili iliyokuwa kwenye wingu peke yake haikufunguka kwa urahisi siku hiyo. Kwa hiyo faili za kazi ya wiki hii ziwekee alama ya kupatikana bila mtandao, zikae kwenye SSD pia.

Na usichanganye kusawazisha na kuwa na nakala rudufu. Folda iliyosawazishwa na Drive ukiifuta kwenye laptopu, inafutika na kwenye wingu. Inakaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha inaondoka. Picha za watoto na vyeti vinakiliwe kwa mkono kwenye ile HDD iliyovalishwa kava la USB, ichomolewe, iwekwe kabatini.